Kilo kwa saa hazijashuka miaka tisa, ila wazamiaji wanasema nungu wa bahari wanaisha. Nimwamini nani?

Karani_wa_Mizani:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa anayeujua uvuvi wa nungu wa bahari, yule mnyama wa duara mwenye miiba anayevuliwa kwa ajili ya "mayai" yake.

Nimepewa kazi ya kuandika tathmini ya uvuvi huu kwa ukanda wote tunaousimamia. Nilicho nacho mkononi ni daftari za mavuno za miaka tisa: tarehe, chombo, idadi ya wazamiaji, saa walizokaa chini, kilo walizopandisha. Mahali pa kuvulia pameandikwa jina la ghuba tu, na kurasa nyingine hazina hata hilo. Nimegawanya kilo kwa saa, mwaka hadi mwaka, na mstari umetoka karibu kunyooka. Wakubwa wangu wameufurahia. Wanataka niandike kwamba akiba, yaani nungu waliobaki baharini, iko salama na leseni ziongezwe.

Lakini mimi ndiye ninayesimama kwenye mizani kila asubuhi. Zamani vyombo vilikuwa vinarudi saa sita mchana, siku hizi vinaingia na taa zimewashwa. Wazamiaji wanashuka wamechoka, na kila mmoja ana neno lake kuhusu hali ya huko chini. Nikiangalia grafu naona salama, nikiwaangalia wao naona kitu kingine kabisa.

Maswali yangu: kilo kwa saa ni kipimo cha kuaminika kwa mnyama huyu? Na kama nikipewa boti kwa wiki mbili tu, nipime nini? Sina zaidi ya hizo wiki mbili, wala sitapewa.

---

Pumzi_Ndefu:

Ndugu Karani, usitie sahihi ripoti hiyo. Nakuomba kabisa.

Nimezamia nungu miaka kumi na minne, kisha nikafanya kazi ya kuwahesabu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nimemjua mnyama huyu kwa mkono wa kumtoa na kwa mkono wa kumwandika. Kilo kwa saa zinadanganya hapa kuliko karibu kila uvuvi mwingine. Nungu si samaki wa kundi linalosambaa na kujichanganya upya baharini. Anakaa kwenye jiwe lake. Mzamiaji anafika kwenye kiota kizito, yaani mahali nungu walipobanana, anakifyeka, kisha anahamia kingine. Ni sawa na kuchuma matunda msituni: ukimaliza mti unahamia unaofuata, na kikapu kinajaa kwa muda uleule mpaka siku mti wa mwisho unapoisha. Kikapu hakikupi onyo lolote.

Nikupe la kwangu. Msimu wangu wa kwanza tulikuwa tunatia nanga mbele ya mlango wa ghuba, mwendo wa dakika kumi kutoka gatini. Mfuko wangu wa wavu ulijaa kwa dakika arobaini. Msimu wangu wa mwisho tulikuwa tunang'oa nanga saa tisa usiku na kufika kazini jua limeshapanda. Mfuko ulijaa kwa dakika arobaini zilezile. Daftari likaandika dakika arobaini na dakika arobaini, na aliyesoma ofisini akaona hakuna kilichobadilika. Zile saa tano za safari hazikuwa na safu ya kuandikwa.

Hizo taa unazoziona vyombo vinapoingia, ndizo data zako. Umeziona kwa macho yako, ziandike.

Haya yametokea mahali pakubwa na wazi. Huko Maine, Marekani, uvuvi wa nungu wa kijani ulilipuka kuanzia mwaka 1987 kwa ajili ya soko la Japani. Mwaka 1993 mavuno yalipita tani 18,000. Wakaanza kufunga mlango wa leseni mpya na kuugawa ukanda sehemu mbili mwaka 1994, na mavuno yakaendelea kuporomoka. Miaka ya 2010 walikuwa wanazungukia tani 1,000. Chile, ambako ndiko kunakotoka kama nusu hivi ya nungu wanaovuliwa duniani, mavuno yalibaki makubwa kwa muda mrefu kwa sababu vyombo vilikuwa vinasogea kusini, kutoka Los Lagos kwenda Aysén hadi Magallanes, na boti za kubeba mzigo zikiwafuata wazamiaji huko huko. Ukijumlisha nchi nzima unaona mlima wa mavuno. Ukitazama ghuba moja moja unaona zimefunguka na kufungika kama milango.

Kuna jambo la pili ambalo grafu haiwezi kukwambia, na ndilo linaloniumiza zaidi. Nungu dume na jike hawakutani. Kila mmoja anamwaga mbegu zake kwenye maji na kutegemea mkondo. Wakiwa wamekaa bega kwa bega, mayai mengi yanapata mbegu. Ukiwaacha mmoja hapa na mwingine hatua kadhaa kule, mbegu zinayeyuka baharini kabla hazijafika. Kwa hiyo nungu mia waliosambaa si sawa na nungu mia waliobanana. Kwenye karatasi ni mia kwa mia, kwenye uzazi wale waliosambaa wanaweza kuwa karibu na bure. Na mzamiaji, kwa akili yake nzuri, anakwenda kwanza pale walipobanana.

Kuhusu wiki mbili nitarudi jioni, sasa hivi nina mjukuu magotini.

---

Takwimu_na_Mawimbi:

Nakubaliana na Mzee Pumzi kwa sehemu kubwa, ila naomba daftari zisitupwe. Tatizo ni kuzijumlisha, kuziandika si tatizo. Ukiweza kuzirudisha kwenye viota vyake, zinasema mengi.

Fanya hivi. Chukua manahodha wawili watatu wenye kumbukumbu nzuri, kaa nao na ramani ya bahari inayoonyesha vina, mtu mmoja mmoja ili wasivutane. Muulize kila mmoja: mwaka huu ulivua wapi, mwaka ule wapi, ghuba hii uliiacha lini na kwa nini. Paka rangi. Kisha chora mistari mitatu upya: idadi ya ghuba zilizovuliwa kila mwaka, umbali wa wastani kutoka gatini, na kilo kwa saa *ndani ya* ghuba moja tangu ilipofunguliwa hadi ilipoachwa. Huo wa tatu ndio wenye thamani. Ukiona ghuba moja inaanza juu na kushuka kadiri kilo zinavyotoka, mteremko wake unakupa makadirio ya walikuwepo wangapi mwanzoni. Mbinu ya zamani, hesabu yake inafanyika kwa penseli.

Angalizo moja: nahodha anayejua leseni zinajadiliwa anaweza kukuficha kiota chake kizuri. Usimlaumu. Mwahidi kwamba ramani yake haitachapishwa, na utimize.

---

Meza_ya_Kupasulia:

Mimi sijawahi kuzamia, nimekaa mezani kwenye chumba cha kupasulia nungu miaka mingi. Naona wote mnahesabu wanyama na hakuna anayewafungua.

Kaka Karani, kile tunachoita mayai si mayai. Ni tezi za uzazi, tano, dume anazo na jike anazo, zimelala ndani ya gamba kama ndimi tano zimeelekea mdomoni. Ukimpasua nungu aliyeshiba, ndimi zimejaa hadi zinagusana, rangi ya manjano au chungwa, ngumu kiasi kwamba unaziinua na kijiko bila kukatika. Ukimpasua mwenye njaa, gamba ni kubwa vilevile, miiba ni mizuri vilevile, lakini ndani ni maji na vitu vya kahawia kama uzi uliolowa. Juu huwezi kuwatofautisha. Mimi mwenyewe baada ya miaka yote hiyo huwa nakosea.

Ndiyo maana kila sampuli yako ipime hivi: mwache nungu achuruzike maji kwanza, mpime mzima, mpasue, zitoe ndimi zote tano, zipime peke yake, gawanya, zidisha kwa mia. Gramu 12 za tezi kwa nungu wa gramu 120 ni asilimia 10. Usichanganye waliochuruzika na wasiochuruzika, utaharibu kazi yote, maana humo ndani kuna maji mengi kuliko unavyodhani.

Kipimo hicho kinabadilika na majira. Wanajaza, wanafikia kilele, kisha wanamwaga, na baada ya hapo ni gamba tupu. Sasa utashangaa: kwetu kulikuwa na miezi ambayo msimu ulikuwa wazi na nungu tayari wameshamwaga. Mfuko baada ya mfuko tunatupa. Wanyama wamekufa, hakuna aliyekula, hakuna aliyelipwa. Nililia siku moja mbele ya msimamizi na sioni haya kusema. Kama kuna kitu kimoja ambacho ripoti yako inaweza kukisimamisha mara moja bila kungoja utafiti, ni hicho. Pima tezi kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha fungua msimu pale zinapokuwa zimejaa na ufunge kabla hawajamwaga, ili waliobaki wamwage kwa amani.

---

Karani_wa_Mizani:

Asanteni sana wote. Dada Meza, leo nimepasua kumi kutoka kwenye mzigo wa asubuhi. Saba walikuwa kama ulivyosema, maji na uzi. Sikuwahi kufikiria kuwafungua, naona aibu.

Mzee Pumzi, nakusubiri. Naongeza mawili. Ofisini wanasema tuna ukubwa wa chini unaoruhusiwa, kwa hiyo hata tukikosea kwingine wadogo watatuokoa. Na mzamiaji mmoja kaniambia kuna mahali nungu ni wengi mno hadi "wamefanya jangwa", sasa inakuwaje wanaisha na wakati huohuo ni wengi mno?

---

Pumzi_Ndefu:

Nimerudi. Mtoto kalala.

Nianze na ukubwa, kwa sababu hapo watu wengi wanalala usingizi. Ukubwa wa chini ni mzuri. Kusini mwa California nungu mwekundu havuliwi akiwa chini ya milimita 83, kaskazini milimita 89. Lengo ni apate kuzaa misimu kadhaa kwanza. Lakini fikiri ni nani anayebaki: wadogo peke yao. Na wadogo wa jamii hiyo ya nungu mwekundu wanaishi wapi? Chini ya miiba ya wakubwa. Nilipoanza kazi ya kuhesabu, mwalimu wangu alinishika mkono chini ya maji akaniongoza kwenye nungu mmoja mkubwa kama sahani. Akamwinua polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake, kwenye kivuli, walikuwa wanne wadogo wenye upana wa ukucha, wamejibanza. Nilikuwa nimezamia miaka kumi na minne bila kuwaona, kwa sababu kila mara nilipomng'oa mama wa kivuli, wale wanne walibaki juu ya jiwe wazi na mimi nilishageukia mwingine. Samaki wanamaliza kazi.

Maine wao wakaweka mipaka miwili, wa chini milimita 52 na wa juu 76, ili wale wakubwa sana waachwe wazae. Sheria ya namna hiyo naipenda. Ila lazima kanuni iwe wazamiaji wapime palepale chini, kwa kipimo kinachoning'inia mkononi. Nungu akishapandishwa, akaminywa mfukoni na kukaa kwenye sitaha, ukimrudisha unajifariji tu.

Na usidhani ukubwa unakwambia umri. Mwaka 2003 watafiti Thomas Ebert na John Southon walipima kaboni iliyobaki kwenye mifupa ya nungu wekundu kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, wakaonyesha kwamba wakubwa wanaweza kupita miaka 100. Anakua haraka akiwa mdogo, baadaye anakua kwa kiasi ambacho kipimo chako hakioni. Mnyama anayeishi hivyo anakufa pole pole, na anayekufa pole pole huwezi kumvua haraka. Mtu akikuambia mchukue robo ya waliopo kila mwaka, mkatalie. Kaa kwenye asilimia chache.

Sasa jangwa. Mzamiaji wako yuko sahihi kabisa, na hapingani na wenzake. Misitu ya mwani mkubwa ikiwa hai, nungu anakaa kwenye ufa na kungoja majani yaliyokatika yamfikie. Chakula kikipungua, au wanaomla wakitoweka, anatoka kwenye ufa na kula mashina. Msitu unaanguka, jiwe linabaki jeupe, na nungu wanabaki juu yake wamejaa tele na njaa. Hawafi. Wanaweza kukaa hivyo miaka wakiwa ndani watupu. Kaskazini mwa California ugonjwa ulianza kuwaua viti vya pweza mwaka 2013, yule mkubwa wa mikono mingi anayekula nungu karibu akatoweka, kisha likaja joto la bahari la 2014 hadi 2016. Nungu wa zambarau wakazagaa, na zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa mwani ikapotea. Nungu mwekundu, yule mwenye soko, akabaki na njaa pamoja nao na uvuvi ukaanguka. Nungu walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na wavuvi wa nungu hawakuwa na cha kuuza.

Maine ilikwenda kinyume chake. Nungu walipovuliwa hadi kuisha, mwani ukarudi mnene, kaa wakaingia humo, na watafiti walipojaribu kurudisha maelfu ya nungu wazima, kaa wakawala. Kwa hiyo usifikirie kwamba ukiharibu unaweza kufunga ghuba miaka mitatu ukapata ulichokuwa nacho. Wakati mwingine bahari inahamia upande mwingine na kukaa huko.

Ndiyo maana ramani yako iwe na rangi zaidi ya moja. Mahali pa msitu na nungu walioshiba, hapo ndipo penye uvuvi na ndipo pa kulindwa. Mahali pa jangwa, waruhusu wavue hata zaidi, ijapokuwa mnunuzi hatawataka. Mahali patupu, funga. Kuweka kikomo kimoja cha tani kwa ukanda mzima ni kuwaambia wazamiaji wote waende kwenye msitu, maana ndiko kuliko na tezi.

Wiki mbili zako. Usimwombe mzamiaji akuonyeshe pa kuhesabu, atakupeleka kwenye kiota bora kwa mapenzi mema. Gawanya ukanda wa miamba kulingana na kina cha maji, chagua vituo kwa kura, na ukipangiwa mahali patupu hesabu patupu. Sifuri ni jibu. Tandika kamba ya mita 30 kutoka kwenye kina kuja kwenye maji mafupi, shuka na fremu ya mraba wa mita moja, ihamishe kando ya kamba, hesabu wote, pima upana wa gamba bila miiba kwa wale wa mraba wa kwanza, wa tatu, wa tano. Inua wakubwa uangalie chini yao, kisha warudishe. Andika mwani upo au haupo. Leta kumi kwa kituo kwa ajili ya kisu cha Dada Meza.

Shuka pia pale ambapo wavuvi hawafiki, kwenye kina. Watu hupenda kusema "kuna akiba huko chini". Mara nyingi wapo, lakini chakula hakiwafikii, na ukiwapasua tezi ni nyembamba. Usiwahesabu kama wazazi kabla hujawafungua.

---

Takwimu_na_Mawimbi:

Nyongeza kwa hapo. Ukipata wastani wa nungu kwa mita mraba, usiuzidishe na eneo lote la ghuba, zidisha na eneo la mwamba tu. Watu wamewahi kupata akiba ya kufikirika kwa kuhesabu mchanga. Na kwa kuwa nungu wanakaa mafungu mafungu, makadirio yako yatakuwa na mpaka mpana wa kosa. Pendekeza kikomo cha mavuno kutoka kwenye mpaka wa chini, si wa katikati. Wakubwa wakitaka namba kubwa, waambie inapatikana kwa kulipia vituo zaidi.

Pia andika mapema, kabla ya kuona matokeo, ni msongamano gani ukifikiwa ghuba inafungwa. Ikiandikwa baadaye, kila ghuba itakuwa na mtetezi wake.

---

Karani_wa_Mizani:

Wakuu, mrejesho. Ripoti ya awali nimeiondoa mezani, nimewaambia grafu haina mahali ndani yake. Haikupokelewa vizuri lakini boti nimepewa.

Tumefanya siku nne. Nimekaa na nahodha watatu na karatasi za kupaka rangi: mwaka wa kwanza wa daftari zangu walikuwa wanavua ghuba tano, mwaka jana kumi na saba. Kati ya zile tano za mwanzo, nne hakuna anayekwenda tena.

Jana kura imetuangusha kwenye mojawapo ya hizo nne. Miraba thelathini kwenye kamba moja. Ishirini na sita sifuri. Kwenye mraba wa ishirini na saba kulikuwa na nungu mmoja mkubwa kwenye ufa. Mzee, nilimwinua kwa ncha ya kisu kama ulivyosema, pole pole. Chini yake walikuwepo wawili. Nimewapima kwa macho tu, nikamrudisha mahali pake, nikaandika namba ya kituo na kuongeza kwa penseli: ghuba hii ifungwe.

---

Pumzi_Ndefu:

Wapo wawili. Nimefurahi sana, kijana wangu. Kesho nenda kwenye ghuba ya pili, na uchukue fremu ya akiba, ile ya kwanza huwa inapinda.